Barazani: Muziki Uliopigwa Katika Mji wa Njaa

Juma hili barazani pamefika swali kutoka Kiberege. Mwalimu mmoja wa kwaya wa upande ule asema alipata kusikia kwamba huko Urusi, zamani za utawala wa Kikomunisti, palikuwa na mtunzi wa muziki aliyekaripiwa na serikali kwa ajili ya muziki wake, hata akawa hapati usingizi. Auliza hivi: mtu kupata mashaka kwa sababu ya maneno ya wimbo, hilo lafahamika; lakini muziki wa vyombo vitupu, usio na neno hata moja, wawezaje kumtia mtu hatarini?

Tulilipenda swali hili. Basi fikiri, msomaji. Umelala usiku, upepo watoka upande wa mtoni, nawe wasikia ngoma kwa mbali. Neno husikii hata moja. Lakini mwenyeji yeyote wa bonde la Kilombero atakuambia mara moja kama ile ni ngoma ya arusi, au ya msiba, au ni vijana tu wanacheza sangula baada ya kuvuna mpunga. Nani amemwambia? Mkono wa mpigaji umemwambia. Sasa chukulia kuwa pana mkubwa mmoja ameamuru watu wote wafurahi, kila siku, wapende wasipende. Halafu mpigaji mmoja akaketi akapiga ngoma ya msiba, tena akaipiga vizuri, watu wakalia. Mkubwa yule atafanyaje? Hapo ndipo lilipo shauri zima la mtu huyu.

Jina lake Dmitri Shostakovich. Alizaliwa tarehe 25 Septemba, 1906, katika mji wa St. Petersburg, ambao siku zile ndio uliokuwa mji mkuu wa Urusi. Mwaka ule ule wazee wetu wa Mahenge na wa bonde hili walikuwa katika vita vya Maji Maji, na njaa iliyokuja nyuma ya vita hivyo iliua watu wengi kuliko risasi. Shikeni neno hili la njaa, maana tutalirudia.

Mama yake alikuwa mpiga piano, akaanza kumfundisha alipokuwa na miaka tisa hivi. Alipokuwa na miaka kumi tu, mapinduzi ya mwaka 1917 yakaangusha ufalme, na Wakomunisti wakashika nchi. Mji wake ulikuwa umekwisha badilishwa jina ukawa Petrograd, kisha tangu 1924 ukaitwa Leningrad. (Mwaka 1991 wenyeji wakaurudishia jina lake la kwanza.) Mwaka 1919, akiwa na miaka kumi na mitatu, akaingia katika chuo kikuu cha muziki. Mwaka 1922 baba yake akafariki, na nyumba ikabaki haina kitu. Kijana akaugua kifua kikuu. Juu ya hayo akawa hana budi kufanya kazi ya usiku katika majumba ya sinema: siku zile picha hazikuwa na sauti, basi aliketi gizani mbele ya kitambaa akipiga piano, haraka mahali pa farasi kukimbia, polepole mahali pa mapenzi, saa nyingi kila usiku kwa mshahara mdogo. Aliichukia kazi ile. Walakini nadhani ilimfunza jambo moja, kusema na watu ambao hawakuja kusikiliza muziki.

Tarehe 12 Mei, 1926, simfoni yake ya kwanza ilipigwa Leningrad. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Kwa wale wasiolijua neno hili: simfoni ni muziki mrefu wa vyombo vingi pamoja, fidla kubwa na ndogo, filimbi na zumari, tarumbeta, ngoma, wapigaji themanini hata mia, na mtu mmoja amesimama mbele akiwaongoza kwa fimbo ndogo, kama mwalimu wa kwaya aongozavyo kwa mkono. Kwa kawaida huwa na sehemu nne, na simfoni nzima huweza kuchukua nusu saa, au saa moja, au zaidi. Ile ya kwanza ilimpa jina hata katika nchi za ng'ambo.

Mwaka 1934 alitoa opera, yaani mchezo wa kuigiza ambao wachezaji huimba badala ya kusema. Inaitwa Lady Macbeth wa Mtsensk. Ni habari za mke wa tajiri aliyeua, nayo si hadithi ya kusimulia mbele ya watoto, basi tuiache hapo hapo. Watu waliipenda mno. Kwa muda wa miaka miwili ikachezwa Leningrad, Moscow na hata nje ya nchi, na mtunzi akawa mtu wa kuonyeshwa kidole njiani kwa sifa.

Ndipo tarehe 26 Januari, 1936, Stalin mwenyewe, mtawala wa nchi, akaenda kuitazama. Aliondoka kabla haijaisha. Siku mbili baadaye Shostakovich alikuwa safarini kaskazini, katika mji wa Arkhangelsk. Akanunua gazeti la Chama, Pravda, akafungua, akaona makala isiyo na jina la mwandishi. Ilisema kwamba kazi yake si muziki bali ni makelele na vurugu, tena kwamba mtu akiuchezea mchezo huo mambo yaweza kumwishia vibaya.

Kwetu sisi mtu akisemwa gazetini hukasirika, huandika barua, na basi. Kule katika miaka ile haikuwa hivyo. Gazeti lile likisema, kila mtu alijua ni nani aliyesema. Wanamuziki wenzake waliokuwa wakimsifu juzi walisimama mkutanoni kumlaumu. Kazi zikapungua, fedha zikapungua, na mkewe Nina alikuwa mja mzito. Mwaka uliofuata ukawa mbaya zaidi kwa nchi nzima, watu wakachukuliwa usiku kwa maelfu. Jenerali mkubwa Tukhachevsky, aliyekuwa akimtetea, alipigwa risasi mwezi wa Juni 1937. Shemeji yake alikamatwa, dada yake mkubwa akapelekwa uhamishoni, mama mkwe wake akatiwa katika kambi ya wafungwa. Waliomfahamu wanasimulia kwamba kuna nyakati alikuwa akingoja usiku nje ya mlango wa nyumba yake, na sanduku dogo la nguo mkononi, ili wakija kumkamata wasiwaamshe watoto.

Hawakuja. Kwa nini hawakuja, watu wanabishana mpaka leo.

Alikuwa na simfoni mpya, ya nne, ambayo wapigaji walikwisha anza kujifunza. Mwezi wa Desemba 1936 akaiondoa. Ilikaa bila kupigwa miaka ishirini na mitano, hata tarehe 30 Desemba, 1961. Badala yake akaandika ya tano, ikapigwa Leningrad tarehe 21 Novemba, 1937. Mwisho wake una tarumbeta na ngoma kubwa, shangwe tupu, na wakubwa wakasema kijana amejirekebisha. Lakini kabla ya shangwe ile pana sehemu ya tatu, ya polepole, ambayo tarumbeta zote zinanyamaza na fidla ndizo zinazosema. Ukumbini mle watu walilia waziwazi. Karibu kila mmoja alikuwa na ndugu, au jirani, aliyechukuliwa, na kumlilia mtu wa namna ile mbele za watu ilikuwa hatari. Hapa walipata mahali pa kulia pamoja bila mtu kutaja jina. Mwalimu wetu wa Kiberege, nadhani sasa waona jinsi muziki mtupu unavyoweza kuwa na neno ndani yake. Inasemekana makofi yaliendelea yapata nusu saa.

Sasa tufike kwenye njaa.

Tarehe 22 Juni, 1941, Wajerumani waliingia Urusi kwa vita. Shostakovich alitaka kuandikwa jeshini, akakataliwa kwa ajili ya macho yake mabovu. Wakamweka katika kikosi cha zima moto, kazi yake kulinda dari ya chuo cha muziki. Mwezi wa Julai akaanza kuandika simfoni ya saba. Tarehe 8 Septemba adui akaikata njia ya mwisho ya nchi kavu, na mji wa watu zaidi ya milioni mbili ukazingirwa. Yeye akaendelea kuandika, na mabomu yanaanguka. Tarehe 17 Septemba alisema katika redio ya mji kwamba amekwisha maliza sehemu mbili, na kwamba asema hivyo ili watu wajue maisha ya mji yanaendelea. Mwanzo wa Oktoba serikali ikamtoa kwa ndege pamoja na mkewe na watoto wao wawili, Galina na Maxim, wakafika Kuibyshev, mji ambao leo unaitwa Samara. Huko akaimaliza tarehe 27 Desemba.

Wenyeji waliobaki Leningrad, hali yao kuieleza ni kazi. Katika Novemba na Desemba mwaka ule, posho ya mtoto, ya mama wa nyumbani na ya karani ilikuwa gramu 125 za mkate kwa siku. Pima unga wako jikoni, mama: gramu 125 ni kama kikombe kimoja tu, na mkate wenyewe ulichanganywa na vitu visivyo chakula. Baridi ilikuwa ya kugandisha maji ndani ya nyumba. Hakuna kuni, hakuna taa. Watu walikufa wamekaa, wengine njiani wakivuta maiti za wenzao juu ya vibao. Hesabu zinatofautiana, lakini waliokufa katika mazingiwa yale ya siku 872 walikuwa mamia ya maelfu, na wengi husema wakaribia milioni. Wazee wa kwetu waliosimuliwa na babu zao njaa ya baada ya Maji Maji, mtu akila mizizi ya porini, hawatahitaji maelezo mengi.

Katika kila nyumba palikuwa na kipaza sauti cha redio. Wasemaji wakikosa la kusema, redio ilitoa mlio wa metronomu, kile kifaa cha wanamuziki cha kupimia mwendo wa wimbo. Tik, tak, tik, tak, usiku kucha. Maana yake ilikuwa kwamba mji bado u hai.

Simfoni ya saba ilipigwa mara ya kwanza Kuibyshev tarehe 5 Machi, 1942. Kisha maandishi yake yakapigwa picha katika filamu ndogo, yakasafirishwa kupitia Tehran na Cairo mpaka Marekani, ikapigwa London mwezi wa Juni, na New York tarehe 19 Julai, watu wakiisikiliza katika redio. Siku zile zile vijana wetu wa KAR walikuwa wakipelekwa Madagaska, na baadaye Burma, kwa sababu ya vita hivyo hivyo.

Lakini mahali palipokuwa pakiingojea ni Leningrad yenyewe, na Leningrad haikuwa na wapigaji. Bendi kubwa ya mji ilikuwa imehamishwa mbali. Ilibaki bendi ya redio tu, na kiongozi wake Karl Eliasberg, naye amedhoofika kwa njaa. Alipowaita kwa mazoezi mwishoni mwa majira ya baridi walifika kama kumi na watano. Wengine walikwisha kufa, wengine hawakuweza kuinuka. Wapiga tarumbeta hawakuwa na pumzi ya kujaza chombo. Zoezi likavunjika upesi. Muziki ule wataka watu karibu mia! Basi wakatafutwa wapigaji katika majeshi, mtu ametoka kwenye mzinga jana, leo ameshika tarumbeta. Wakapewa posho ya ziada kidogo. Eliasberg alikuwa mkali, asiyekubali kuchelewa hata kwa msiba; wengine walimchukia. Maandishi yalirushwa kwa ndege juu ya vichwa vya maadui, yakanakiliwa kwa mkono, kila mpigaji sehemu yake. Toka mwanzo hadi mwisho walipata kuupiga wote mara moja tu kabla ya siku yenyewe.

Siku yenyewe ilikuwa tarehe 9 Agosti, 1942. Jenerali Govorov aliamuru mizinga ya mji iwapige Wajerumani kwanza kwa nguvu, ili wasipate nafasi ya kupiga ukumbi. Taa zikawashwa. Wapigaji walikaa na makoti, wengine wamevaa sare za vita, nguo zinawaning'inia mwilini. Vipaza sauti vilipeleka muziki nyumba kwa nyumba na barabara kwa barabara, na vingine vilielekezwa mstari wa adui, naye asikie.

Sehemu ya kwanza inaanza kwa amani. Halafu ngoma ndogo ya gwaride inaanza kulia mbali, polepole, na juu yake wimbo mmoja mwepesi, wa kijinga kidogo, kama mtu anayepiga mluzi akipita. Unarudiwa. Wimbo ule ule, mara kumi na mbili, kila mara kwa vyombo vingi zaidi na sauti kubwa zaidi, na ngoma haiachi, mpaka wimbo uliokuwa wa kuchekesha umekuwa wa kutisha. Wote walisema ni Wajerumani wanaokuja. Baadaye wengine wamesema ni Stalin pia aliyekuwa akimfikiri. Mimi naona mwenye kuuliza ni nani kati ya hao wawili amepunguza muziki; ubaya huanza mdogo vivyo hivyo mahali pengi. Muziki mzima wachukua zaidi ya saa moja. Ulipokwisha palikuwa kimya, kisha watu wakasimama.

Mazingiwa yaliondolewa tarehe 27 Januari, 1944. Miaka ishirini baadaye, tarehe ile ile mwaka 1964, Eliasberg aliwakusanya wale wachache waliokuwa bado hai wakaupiga tena katika ukumbi ule ule. Katika miaka ile ishirini mji ulikuwa karibu umemsahau.

Je, baada ya kazi kama hiyo mtunzi alistareheshwa? La. Mwezi wa Februari 1948 Chama kilitoa amri nyingine, safari hii pamoja na watunzi wengine, Prokofiev na Khachaturian miongoni mwao. Alifukuzwa kazi ya ualimu. Mwanawe Maxim, aliyekuwa mtoto wa miaka tisa au kumi, amesimulia kwamba shuleni alitakiwa amshutumu baba yake mbele ya watu. Kati ya mambo yote niliyosoma juu ya mtu huyu, hilo ndilo linalonikera kuliko yote. Shostakovich akawa anaandika muziki wa sinema ili watoto wale, na muziki wa moyoni mwake anautia mtotoni mwa meza. Muziki mmoja mkubwa wa fidla aliomaliza 1948 haukusikiwa mpaka 1955, Stalin amekwisha kufa.

Tena asidhani mtu kwamba alikuwa shujaa wa kusimama na kupiga kelele. Hakuwa. Mwaka 1949 walimpeleka New York, akakaa jukwaani wakati hotuba aliyoandikiwa ikisomwa na mkalimani, na alipoulizwa mbele ya watu kama akubali matukano dhidi ya watunzi wenzake, akasema akubali. Mwaka 1960 akaomba kuingia katika Chama, ingawa alipata kuwaambia rafiki zake kwamba hataingia kamwe. Rafiki yake mmoja, Isaak Glikman, aliandika kwamba alimkuta analia. Kuna wanaomlaumu kwa hayo. Wanaomlaumu wengi hawakupata kungoja mlangoni na sanduku.

Mwezi wa Julai mwaka ule ule 1960, alipokuwa Ujerumani ya Mashariki, aliandika kwa siku tatu kwarteti yake ya nane, yaani muziki wa watu wanne tu, fidla mbili, fidla nzito na selo. Juu yake aliandika kuwa ni ukumbusho wa waliouawa kwa vita na ufashisti. Lakini kwa Glikman aliandika katika barua kwamba alipofikiri hakuna atakayeandika muziki wa kumkumbuka yeye, ameuandika mwenyewe.

Na jina lake limo ndani. Walimu wa kwaya, angalieni hapa. Wajerumani huita nota kwa herufi, na herufi D, S, C, H, za mwanzo wa jina lake kwa maandishi yao, ni nota nne. Kwa do-re-mi yetu ni hizi: ti, do, la, halafu sol iliyopandishwa nusu. Ti ikipanda kwenye do, kisha mkashuka la, mkashuka tena kidogo. Waimbisheni vijana bila maneno, polepole, sauti za chini kwanza. Nota hizo nne zinaanza kwarteti ile, na zinarudi katika kila sehemu, mara zinanong'ona, mara zinapiga kelele, na mwishoni zinafifia. Pana mahali katika sehemu ya nne ambapo vyombo vinagonga mara tatu kwa nguvu, tena na tena. Wengi husikia ni mabomu, wengine husikia mlango unagongwa usiku.

Aliandika simfoni kumi na tano na kwarteti kumi na tano. Alipenda mpira wa miguu kupita kiasi, timu yake ilikuwa Zenit ya Leningrad, na alikuwa na daftari la kuandikia magoli yote. Alifariki Moscow tarehe 9 Agosti, 1975. Juu ya jiwe la kaburi lake wamechora zile nota nne.

Mwenye kijana mwenye simu ya intaneti amwombe amtafutie. Asianze na ile ndefu ya saba. Aanze na sehemu ya tatu ya simfoni ya tano, ambayo yachukua kama robo saa, jioni, watoto wakisha kula na mashine ya mpunga ya jirani ikisha zimwa, maana mwanzo wake ni wa sauti ndogo sana.